Magamba Mawili ya Shosho

Mama alikuwa na gamba moja la chaza, dada yake mkubwa alikuwa na jingine, na kwa sababu ya magamba hayo nusura mimi nikose kuolewa.

Shosho, mama yao, alipika kwa Wazungu huko Kitisuru miaka mingi. Wazungu hao walipofunga virago walimwachia vitu vilivyokataa kuingia kwenye masanduku: mapazia, kikaango kisicho na mpini, na magamba mawili ya chaza mkubwa wa baharini, kila moja upana wa beseni. Shosho hakuwahi kufika Mombasa, lakini aliyapenda magamba hayo kuliko kikaango na mapazia. Kila Jumamosi aliyasugua kwa majivu na kuyarudisha mezani, moja huku, jingine kule. Kabla hajafariki alimpa kila binti gamba moja akawaambia, "Siku mtayashikanisha, mtaona."

Kila mmoja alielewa maneno hayo alivyopenda. Mama alielewa kwamba yatashikanishwa nyumbani kwetu Woodley, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuguza shosho. Dada yake, niliyemwita tata, alielewa kwamba yatashikanishwa kwake Karen, kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba. Hakuna aliyethubutu kulitoa la kwake nje ya lango lake, maana lingeenda na lisirudi. Mama aliliweka lake juu ya kabati la sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma kwa mkono wake. Tata, ili kumuudhi mama tu, nina hakika, aliliweka lake uani kuku wanywee maji. Habari hiyo ilipofika Woodley mama alishinda kitandani akiwa na kitambaa cha maji kichwani. Tangu hapo hawakusalimiana. Kukiwa na msiba walikaa pembe mbili za hema, na mimi ndiye niliyepeleka ujumbe.

Haya yote ningeyavumilia kama nisingepata mchumba. Kwetu, wakwe wakija kuzungumza mahari na dada mkubwa wa mama hayupo, wazee wetu hawafungui mdomo. Wanakunywa chai na kuuliza habari za mvua mpaka wageni waelewe. Mchumba wangu alikuwa mtu wa Kakamega, na watu wake walikuwa wameshapanga siku ya kuja.

"Mwambie akuje," mama alisema. "Lakini akuje na hiyo kitu."

Nikaenda Karen. Tata alinisikiliza akiwa amekunja mikono katikati ya kuku wake. "Kukuja sina shida," akasema. "Lakini nikibeba yangu, nitarudi na hiyo yake pia. Mwambie hivyo."

Nilipomweleza mchumba wangu, aliniuliza kwa upole, "Sasa, si tuwanunulie tu zingine?" Nilinuna siku nzima.

Kama nyundo ingekuwa karibu ningeyavunja yote mawili. Lakini mimi ni mtu wa ofisi, na watu wa ofisi tukikasirika tunatafuta kitabu. Saa ya chakula cha mchana niliingia maktaba pale mjini nikaomba kitabu cha wanyama wa baharini, nikitafuta jambo la kuwaaibisha wazazi wangu hao wawili.

Nikasoma kwamba chaza wa aina yetu hukaa kwenye matumbawe, katika maji maangavu ya kina kifupi ambako jua linafika, kwa sababu ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaomtengenezea chakula kwa mwanga. Akiwa mchanga hujifunga kwenye mwamba kwa nyuzi za mwili wake, na akishatulia hahami tena. Anakaa papo hapo maisha yake yote, mdomo juu, akiota jua na kulishwa. Nilimkumbuka mjomba wangu mmoja. Gamba lake lina matuta manene kama ya viazi, na juu ya kila tuta kuna vigae vilivyopandana kama paa la nyumba za kwetu. Nyuma kuna bawaba yenye meno, na kila jino lina shimo lake katika gamba la pili. Huku mbele, mawimbi ya ukingo wa gamba hili huingia katika mabonde ya ukingo wa lile. Gamba la chaza huyu, kitabu kilisema, halifungani sawasawa na la chaza mwingine yeyote.

Nilirudi kazini nikiwa na hotuba tayari. Jioni nikamwambia mama kwamba magamba hayo yalikuwa mwili mmoja, kwamba hayana kazi yakitengana, kwamba hata Mungu aliyapa meno ya kushikana.

"Basi ajiunge na mwili," mama akajibu. "Mlango si uko wazi?"

Siku ya mahari ikafika. Nilikuwa chumbani, nimefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni pamoja na binamu zangu, kama desturi inavyotaka, ili mchumba aje anitambue. Nikasikia wakwe wakiimba langoni. Wakaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hawakuingia. Nikachungulia dirishani. Pikapu ya tata ilikuwa imeziba lango. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi ndani, gamba mapajani, amelifunga kwa kitambaa kama mtoto wa kliniki. Mama alikuwa amesimama ndani ya lango, amelikumbatia la kwake. Nyuma ya pikapu watu wa Kakamega waliendelea kuimba, wakidhani hivyo ndivyo tunavyopokea wageni.

Nikatoka hivyo hivyo na leso zangu. Nikafungua mlango wa pikapu, nikachukua gamba mapajani mwa tata, nikaliweka juu ya boneti. "Mama, leta," nikasema. Sijui sauti hiyo niliitoa wapi, lakini mama alileta, na tata akashuka ili asimamie.

Tukayashikanisha. Hayakufungana. Meno yaligonga meno, na kingo zikapishana kiganja kizima.

"Ni kuku wako wameiharibu," mama akasema.

"Wewe ndiyo umeikwaruza na waya ya sufuria," tata akasema.

Nikayalaza kando kwa kando, mdomo juu. Karibu na bawaba kila gamba lina pembe iliyoinama. Yangekuwa ya chaza mmoja, pembe moja ingeelekea kushoto na nyingine kulia. Zetu zote mbili zilielekea Ngong Road. Yalikuwa magamba ya chaza wawili tofauti, yote ya kushoto, kama viatu viwili vya mguu mmoja. Niliwaeleza polepole, na wakwe wakaacha kuimba ili wasikie.

Mama akapitisha kidole kwenye matuta. "Na vile alikuwa anazisugua kila Jumamosi," akasema.

"Miaka yote hiyo," tata akasema. "Unadhani hakuwahi kujaribu?"

"Alijaribu."

"Si ndiyo maana alituambia tutaona?"

Tata ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, wameegemea boneti, machozi yakiwatoka, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ni bibi harusi wa kufichwa. Mwishowe pikapu ikasogezwa. Wakwe walinawishwa mikono kwa magamba yote mawili, mama akishika la upande huu na tata la upande ule.

Kabla ya hapo nilirudishwa chumbani chini ya leso, na mchumba wangu akaletwa anitambue. Hakuhangaika, maana ni leso moja tu iliyokuwa ikitikisika kwa kilio. Aliponifunua akashtuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimebadilisha nia. Nikamwekea kidole mdomoni. Nilikuwa nasikiliza jikoni, ambako mama na tata walikuwa wakigombana kuhusu chumvi ya mchuzi, kelele ambazo sikuwa nimezisikia tangu shosho atuache.