Mizani Iliyotoka Folda ya Juu

Mimi ni mtu wa kushuku, nalikiri mapema. Pale Isaka niliandika kwa JavaScript programu ya kutoa hati za uzito wa mizigo ya malori. Tuliogusa kompyuta ya ofisi tulikuwa wawili tu: mimi na dada mmoja wa Ushirombo, mpole kupita kiasi. Upole ule ulinitia wasiwasi tangu mwanzo.

Siku moja nilirekebisha moduli yetu, yaani kipande cha programu, tuliyoiita mizani, ambayo ilikuwa ikisahau kuondoa uzito wa tela. Kwenye kompyuta yangu ya nyumbani ikafanya kazi vizuri. Nikaileta programu kwa flashi, ofisini hati zikatoka na kosa lilelile. Nikaleta tena, lilelile. Nikajiambia yupo mtu anayerudisha ya zamani, na mtu huyo kanunuliwa na wenye mizigo, wanaolipwa kwa uzito. Nikampelekea mkubwa wetu maneno hayo. Akamwambia dada abaki nyumbani kwanza.

Wiki nzima hakuja, na kosa halikukoma. Hapo nikaanza kuogopa. Nikaandika mstari mmoja wa kuiuliza kompyuta: hiyo mizani unaitoa wapi? Ikanitajia folda ya juu, nje kabisa ya programu yangu.

Moduli ukiitaja kwa jina tupu, bila nukta na mkwaju (./) wa kuonyesha njia, hutafutwa kwenye folda ya node_modules, ghala la moduli, iliyo kando ya faili linaloiita. Isipokuwemo, msako hupanda folda ya juu, kisha ya juu yake, mpaka ipatikane. Node_modules yangu ya nyumbani, yenye mizani mpya, sikuwa nimeileta. Ina vijifaili maelfu, kuinakili kwenye flashi kunakula mchana mzima, nasi huku wote huiruka. Ile ya juu niliiweka mwenyewe mwaka uliotangulia, programu zote za ofisi ziitumie kwa pamoja, tusimalize bando. Mizani ya zamani ilikuwa humo. Kwa kuwa ilipatikana, kompyuta haikulalamika. Nikaweka mpya mahali pake, kosa likaisha.

Nilipanda bodaboda hadi Kagongwa, alikokuwa akiishi na mama yake. Nikamwamkia mama, nikamweleza dada kila kitu, nikamwonyesha hata picha ya jibu la kompyuta. Nikasema mkubwa ameshakubali arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikaribisha kiti.

"Kompyuta uliiuliza inakoitoa," akasema. "Mimi hukuniuliza."

Hakurudi kazini. Hati zinatoka sawa mpaka leo.