Kipande cha Mtu Mwingine

Upuuzi wa kwanza nilioufanya ni kuhesabu. Wenzangu hufanya upuuzi wa maana: huiba miwa, hutukana wazee, huogelea kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Mimi nilisimama mbele ya kalenda iliyotundikwa ukutani darasani, nikahesabu siku thelathini kwa ncha ya kidole, nikaruka Jumapili zote maana mimi si mjinga, nikafika mwisho na kusema: haya, siku hiyo naanza kazi. Sikumwuliza mtu yeyote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubeba maji kwenye kambi ya dhahabu upande wa Rwamgasa. Aliyeniahidi ni nyapara wa kambi hiyo, ambaye mkewe ni jirani yetu hapa Shinyanga mjini. Jumapili moja nilikuwa nimepewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nami nimejibanza nyuma ya mlango nakula kitumbua ambacho mama alikiweka kwa ajili ya kuuza, nikamsikia nyapara akimwambia mama, "Kuna mtu wangu mmoja wa maji. Kipande chake kimeanza juzi, tarehe moja. Kikijaa anakwenda kwao. Kijana wako nitamweka pale likizo hii. Nitaleta habari."

Kipande ndiyo kadi ya kazi ya siku thelathini; ikijaa, mtu hulipwa. Mama akamshukuru. Mimi nikamaliza kitumbua.

Nilikuwa naitaka kazi kwa sababu ya blanketi. Shule yetu ni ya kulala, na kila mwanafunzi huja na blanketi lake. Langu nilikuwa nimeliunguza. Jioni moja nililivaa, nikatambaa kwa miguu minne nikilia kama fisi, ili watoto wa darasa la chini wakimbie waache viazi vyao motoni. Walikimbia. Viazi nilivipata. Lakini fisi alipita juu ya makaa, na kilichobaki cha blanketi hakikutosha hata kufunika paka. Mama ana blanketi moja tu, na kipupwe cha Shinyanga hakina utani. Nilijua nikikosa jingine atanipa lake, kisha ataapa kwamba yeye usiku husikia joto. Hilo ndilo ambalo sikulitaka. Kipande kimoja kikijaa, blanketi limepatikana. Na mwaka huo likizo ilikuwa ndefu kwa kuwa bweni lilikuwa likiezekwa upya, kwa hiyo muda wa kukijaza ulikuwepo.

Shule ikafungwa. Siku yangu ya kwenye kalenda ikakaribia, habari ya nyapara haijaja.

"Subiri uitwe," mama akasema.

"Mama, hesabu haina haja ya kuitwa."

"Na wewe je?"

Nikacheka, nikafunga nguo zangu kwenye kanga yake kuukuu, nikapanda lori la Mhindi mmoja aliyekuwa anapeleka unga na chumvi huko kwenye makambi. Nililipa nauli kwa kupakia magunia na kuyapakua kila tuliposimama. Baada ya Masumbwe dereva alikuwa ameshachoka na vichekesho vyangu. Aliniambia nikafunge mdomo huko juu ya magunia kabla vumbi halijaujaza. Sikujua kwamba yule ndiye angekuwa mtu wa mwisho kunisikiliza kwa muda mrefu.

Nyapara nilimkuta amesimama kando ya mfereji wa kuoshea mchanga. Ni mtu mfupi, mwenye kofia ya kiua iliyokwisha kuwa rangi ya udongo.

"Shikamoo, Bwana Nyapara."

"Marahaba. Mama yako amefariki?"

"La! Hajambo kabisa."

"Basi umefuata nini huku?"

"Kazi. Leo ndiyo siku yangu."

"Nani kakwambia ndiyo siku yako?"

"Kalenda."

Akageuka akawatazama wabeba maji waliokuwa wakipita, kama anayetaka mashahidi. "Kalenda gani hiyo?"

"Ya shule. Siku thelathini toka tarehe moja, Jumapili umetoa."

"Hiyo kalenda inabeba maji? Hebu sikiliza, wewe msomi. Kipande hakihesabu siku jua linapotoka. Kinahesabu siku mtu anapotoka. Akija kazini, karani anatia alama. Akilala, hakuna alama. Yule bwana wangu analala siku moja, anakuja siku moja, analala mbili. Kipande chake kimefika nusu na kidogo tu."

Mimi niliyewahi kupigiwa makofi kwa kukokotoa riba, nilikuwa nimesahau jambo moja dogo: kwamba watu hulala.

"Atamaliza lini?"

"Mwulize mwenyewe. Mtakaa naye, kibanda kile pale. Posho sina ya kukupa, huna kipande. Na usinisumbue."

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuishi kwenye kibanda cha mtu niliyekuwa nangoja aondoke. Alikuwa Msukuma wa Didia, mrefu, mwenye kovu kwenye nyusi, mkubwa wangu kiasi cha kuweza kuwa baba mdogo. Nilimkuta amelala chali, mchana, anatazama nyasi za paa.

"Umekuja kunifukuza," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimekuja kukupokea, kaka."

"Mimi sijachoka."

"Naona. Umelala kama mtu ambaye hajachoka hata kidogo."

Hakucheka. Akasogeza miguu ili nipate mahali pa kutandika gunia langu, akaendelea na nyasi zake.

Jioni za kule nitazieleza kwa ufupi kwa sababu zilikuwa ndefu. Watu walipokea unga wao, wakajigawa kwa lugha. Wasumbwa kwenye moto wao, Wazinza kwenye wao, Wasukuma huku, Waha kule, kila lugha na chungu chake. Kiswahili kilikuwa cha mchana, cha kuamrishana; jua likizama kila mtu alikivua pamoja na shati la kazi. Mimi sikuwa na kingine cha kuvaa. Bibi yangu alitoka Ujiji, babu sijui wapi, na Kisukuma changu ni cha sokoni: naweza kununua kuku, siwezi kusimulia habari ya kuku. Siku ya kwanza nilijaribu. Nilisimama karibu na moto wa Wasukuma nikaigiza jinsi nyapara anavyotembea, tumbo mbele, mikono nyuma. Shuleni hapo bweni zima lingekuwa chini linagaragara. Wakanitazama kwa adabu. Mmoja akanionyesha njia ya chooni.

Nilirudi kibandani nikakaa kwenye gunia. Sikuwahi kujua kwamba mchekeshaji asiyechekwa anafanana sana na mgonjwa.

Yule bwana wa Didia alinipa ugali kutoka kwenye posho yake. Asubuhi sauti ya nyapara ikaita, watu wakatoka, yeye akabaki.

"Kaka, wameita."

"Nimesikia."

"Unaumwa?"

"Hapana. Leo sijisikii."

"Utajisikia lini?"

"Nsumba," akasema, ndivyo wanavyomwita kijana kwao, "siku ni zangu. Kipande ni changu. We kalale."

Siku kadhaa zikapita hivyo. Alienda, akalala, akalala, akaenda. Mimi nilizunguka kambi nzima kama mbuzi aliyekata kamba. Kila nilipopita mtu aliniuliza kwa Kiswahili cha kazi, "Wewe wa nani?" Sikuwa wa mtu. Usiku nilijikunja ndani ya kanga ya mama nikisikia baridi ikipenya, nikawaza kwamba yeye sasa hivi amejifunika blanketi lile, na muhula ukianza litakuwa langu kama sitafanya kitu.

Kwa hiyo nikafanya. Asubuhi moja nilimfuata nyapara kabla hajaanza kuita.

"Siku akilala, mimi niende badala yake."

"Alama itaingia kwake."

"Iingie. Kikijaa upesi, naye ataondoka upesi."

"Yaani ubebe maji bure ili kipande cha mwenzio kijae."

"Ndiyo."

"Na shule wanakufundisha hesabu?"

Yule bwana nilipomweleza, aliketi kwenye kitanda chake cha miti kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. "Mimi nalala, wewe unabeba, karani ananitia alama mimi?"

"Na wewe unanilisha."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akawaita wenzake mlangoni akawaeleza kwa Kisukuma, nao wakacheka. Kicheko changu cha kwanza pale kambini, na wala sikuwa nimetania.

Nilibeba maji. Madebe mawili kwenye mti mabegani, kutoka kijitoni hadi kwenye mbao za kuoshea, njia inateleza kwa maji yanayomwagika. Karani alisoma jina la yule bwana, mimi nikaitika. Mwanzoni niliitika kwa madaha, nimeifanya sauti nzito, nikijifanya nina kovu kwenye nyusi. Baadaye niliitika tu. Ikafika siku nikatambua kwamba jina langu mwenyewe halijatamkwa na mtu tangu lori liliponishusha. Nikalitamka kijitoni, peke yangu, nikijaza debe. Lilisikika kama la mtoto wa jirani.

Kazi iliniingia mwilini, na alama zikaongezeka. Lakini nikaona kitu. Kadiri kipande kilivyokaribia kujaa, ndivyo yeye alivyozidi kulala. Mwisho alikuwa haendi kabisa. Jioni moja tukila nilimwuliza kwa nini, na safari hii nilimwuliza vizuri.

Alibandua ugali ulioungua kwenye kitako cha chungu, akautafuna polepole. "Ng'ombe zangu zilikufa kwa maradhi," akasema. "Mke akarudi kwao, nami siwezi kumlaumu. Kipande kikijaa naambiwa nenda nyumbani. Nikifika Didia nikae na nani? Hapa asubuhi kuna mtu ananiita. Kwa hasira, lakini ananiita."

Nilitafuta cha kuchekesha. Kawaida kipo tu, kama mate mdomoni. Hakikuwepo.

"Na mimi ndiye ninayekijaza," nikasema.

"Wewe ndiye unayekijaza."

Tulimaliza ugali.

Siku kilipojaa tulikwenda wote wawili kwa nyapara. Yule bwana akalipwa. Kisha nyapara akachukua kipande kipya, cheupe, hakina hata alama moja, akaniuliza, "Shule yako inafunguliwa lini?"

Hapo ningeweza kusema uongo. Nimewadanganya watu wakubwa kuliko nyapara, mmoja wao padri. Lakini shuleni tulikuwa tumeshaambiwa: asiyeonekana siku ya kufungua, nafasi yake anapewa mwingine. Na yule bwana alikuwa amesimama pembeni, hakuondoka, kofia mkononi, anakitazama kile kipande kama mtu anavyotazama chakula cha wengine. Nikaitaja siku yenyewe.

Nyapara akahesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili akaacha. "Hakijai. Na kisichojaa hakilipwi. Ungengoja nikuite, ningekwambia hivyo hivyo ukiwa kwa mama yako, umeshiba."

"Mpe yeye," nikasema.

"Wewe ndiye unayegawa kazi hapa?"

"Hapana, Bwana Nyapara."

Alimpa. Yule bwana hakunishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Nilikuwa nimemchukia kwa muda mrefu; nisingeweza kuacha kwa siku moja. Alinilipia nauli ya lori, akanifungia unga kwenye kitambaa. Asubuhi niliyoondoka, nyapara alipoita, nilimwona yule bwana anatoka kibandani wa kwanza. Hakugeuka. Alikuwa anawahi.

Nilikaa juu ya magunia matupu, dereva mwingine, na njia nzima nikapanga namna ya kumsimulia mama ili acheke. Nilianza na kalenda. Nikaweka nyapara na tumbo lake, nikaweka mtu aliyenionyesha choo. Nilifika nyumbani jioni akiwa anapepeta mchele wa vitumbua, nikamsimulia yote nimesimama, kwa sauti zote na mikono yote, hadi pale kwenye kipande cheupe.

Hakucheka. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, nikamsikia akikung'uta kitu. Alitoka na blanketi lake, akalitandika juu ya mkeka, akalipima kwa mkono toka kiwiko hadi ncha ya vidole, upande mmoja kisha upande wa pili. Nilianza kusema kwamba sitalichukua, kwamba nitalala na nguo, kwamba bweni lina nyasi mpya. Aliningoja nimalize.

"Nenda kwa jirani kaazime mkasi," akasema. "Tunalikata katikati. Mimi nitakunja miguu. Na wewe, mwanangu, mwaka huu urefuke taratibu."