Ukuta wa Gredi ya Pili

Likizo ya Aprili, wenzake walipoenda kwao kupalilia, Mwalimu Kanyiva alikuwa amesimama juu ya dawati, brashi mkononi, akipaka rangi ukuta wa gredi ya pili katika shule moja karibu na Kanyangi. Alichora vitu arobaini: mbuzi wa kahawia, papai la manjano, mtungi, jembe. Chini ya kila picha aliandika jina la kitu hicho kwa herufi nene nyekundu. Shule ilipofunguliwa, watoto waliozoea kusinzia vitabuni walisimama vinywa wazi. Baada ya wiki tatu walikuwa wakiusoma ukuta mzima kwa sauti, hadi ofisini wanasikika.

Sifa zikamlevya. Siku moja, kwenye chumba cha walimu, akamwambia Mzee Muli, aliyefundisha silabi kwa chaki miaka ishirini na tisa, "Mwalimu, hiyo ba-be-bi yako watoto wameichoka. Siku hizi ni rangi." Muli akanywa chai yake.

Lakini kuna jambo Kanyiva alilijua. Asubuhi moja alimwona Yvonne, msomaji aliyesifiwa kuliko wote, akisema "mtungi" huku kidole chake kikiwa kwenye neno "jembe". Macho yalikuwa kwenye picha tu. Angeweza kumwita amjaribu; hakumwita. Walimu wa shule jirani walikuwa wameshaalikwa kuja kuona ukuta.

Wageni walifika Alhamisi, wakiongozwa na Madam Hasina, afisa wa elimu kutoka mjini Kitui. Yvonne akasoma maneno yote arobaini bila kukwama. Makofi yakapigwa. Ndipo Madam Hasina akasogea ukutani, akaifunika picha ya mbuzi kwa daftari lake.

"Na hapa pameandikwa nini, mwanangu?"

Yvonne akaliangalia neno, kisha akamwangalia mwalimu wake. "Madam, toa kitabu kwanza nione."

Walimu wakacheka. Madam Hasina hakucheka. Akaandika neno lilo hilo ubaoni, akauliza darasa zima. Hakuna mkono ulioinuka. Kanyiva alitamani ardhi ipasuke immeze. Kicheko angekivumilia, kilichomchoma ni Yvonne, aliyebaki pale mbele akilia kimya kwa kosa lisilo lake.

Wageni walipoondoka, Kanyiva alichukua ndoo ya chokaa afute kila kitu. Muli akamkuta.

"Unafanya nini?"

"Nafuta aibu yangu, Mzee. Na ile siku nilikukosea."

"Ulinikosea, ndiyo," Muli akasema. "Lakini darasani kwangu pia watoto walikuwa wanalala. Usifute picha."

Wakafuta maneno peke yake. Wakayaandika upya kwenye kadi, kila silabi na rangi yake, *mbu* ya buluu, *zi* ya kijani. Mtoto alisoma kadi kwanza, kisha akaenda kuitafutia picha yake ukutani.

Kwenye mkutano wa wazazi Kanyiva aliomba nafasi, akasema yote, hata lile la kidole. Mbinya, mamake Yvonne, akainuka.

"Mwalimu, nilimpa huyu mtoto pakiti ya mbegu anisomee, akashindwa. Nikamchapa, nikidhani ni ukaidi. Kwa sababu wewe ulisema anajua."

Akaketi. Hakuna aliyemtetea mwalimu.

Kesho yake Kanyiva alimwita Yvonne kando, akachuchumaa mbele yake. "Mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Nisamehe."

Mtoto akachezea kifungo cha sweta. "Mama pia aliniambia pole," akajibu, akakimbilia wenzake.

Kufikia Novemba, watoto thelathini na wanane kati ya hamsini na wawili walikuwa wakisoma bila picha. Yvonne hakuwa wa kwanza. Alikokota kidole taratibu, lakini sasa kidole na mdomo vilikwenda pamoja. Mwalimu mkuu alipotaka kualika wageni tena, Kanyiva alikataa. Hata leo mtu akilisifu darasa lake, yeye huinamisha uso na kuanza kupanga kadi ambazo tayari zimepangwa.