Nyongeza Ndani ya Maharage

Mtaa mzima ulimwita Nyongeza, hata mkewe. Alikuwa na bucha kwa miaka thelathini, na mkono wake ulijua uzito wa mbuzi angali anakimbia. Mizani aliitumia kwa adabu tu. Kila akimaliza kupima, kabla hajafunga mfuko, mkono wa kushoto uliokota kimfupa au kipande cha mafuta ukakitupia juu, bure. Wala hakuufikiria, kama mtu asivyofikiria kupepesa jicho. Paka wa mtaa ule walinenepa hadi panya wakawa wanawapisha kwa huruma.

Mkewe aliacha nyama miaka minne kabla ya kufa. Daktari alimwambia hivyo, naye akashika: dengu, mchicha, viazi, karanga. Nyongeza alimtania kwamba kumbe ameoa mbuzi, na iko siku atapitiwa amchinje. Yeye alikula nyama yake ya kuchoma kulekule buchani, akarudi nyumbani kashiba, akaketi kumtazama mama wa watu akitafuna majani. Miaka minne, meza moja, sahani moja. Mwisho, kitandani, mama hakudai makubwa. Alisema, "Na wewe ukile chakula changu, Nyongeza. Hata kama sipo."

Basi akala. Alichora mistari ya chaki kwenye mlango wa jikoni, kila siku mmoja, na sharti alijiwekea mwenyewe: akionja nyama, anafuta yote anaanza moja. Alifika sita, akafuta. Alifika kumi na tisa, maini yakamtazama vibaya, akafuta. Mlango ukapauka kama uso uliopakwa poda. Safari hii alikuwa amefika arobaini na moja, na hakuna aliyempa hongera. Watoto hawakujaliwa, na mlango haujui kupongeza.

Siku ya arobaini na mbili alinunua maharage kwa muuza mboga wa ng'ambo ya barabara, shoga wa marehemu. Kwa kuwa hakuliamini kopo la kupimia la yule mama, aliyapeleka buchani akayapima upya. Akafunga mfuko, akaenda zake nyumbani, miwani akaisahau kwenye gogo la kukatia. Mchana akayapika. Yalikuwa matamu ajabu. Alikula sahani nzima akijisifu kwamba sasa amekuwa mpishi, na alipochota ya pili upawa ukaibuka na kipande cha mafuta chenye kimfupa chake, kimetulia kama mgeni aliyealikwa.

Alilowesha kitambaa, akasimama mbele ya mlango. Alijijua: akifuta leo, haanzi tena. Mkewe angebaki na sahani yake moja milele. Akatoka na kitambaa mkono mmoja, kimfupa mkono wa pili, akavuka barabara.

"Shemeji," alimwambia muuza mboga, "kuna mtu kanitilia nyama kwenye maharage."

Yule mama akakigeuzageuza kimfupa. "Hapa mtaani nani anagawa mafuta bure?"

Nyongeza akautazama mkono wake wa kushoto. Muuza mboga alicheka hadi nyanya zikaporomoka mezani. Kisha akakiona kile kitambaa kinachuruzika, akauliza cha nini. Alipokwisha kuelezwa habari ya mlango, hakucheka tena. Akamsogezea kreti akae.

"Mkeo alikuwa akija hapa," alisema. "Kila baada ya wiki mbili, tatu, ananituma kwako robo kilo. Tunachoma hapa nyuma. Anakula vipande viwili na ile nyongeza yako, anasukutua kwa limao, anarudi kukupikia mchicha."

"Kunipikia mimi? Sikuwa nakula."

"Alikuwa anapika wa wawili, shemeji. Wako ananiletea mimi kesho yake."

Nyongeza akauliza kama mkewe naye alikuwa akianza moja.

"Aanze moja ya nini? Alikuwa anaendelea tu. Mguu ukikanyaga tope unaoshwa mguu, hakuna anayebomoa barabara."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ungemcheka."

"Ningemcheka," Nyongeza alikiri.

Akaitazama barabara. Hatua ishirini, labda ishirini na mbili. Upande huu mke akila nyama kwa kujificha, upande ule mume akila yake, halafu jioni wanakutana mezani, mmoja anatafuna na mwingine anatazama.

Alirudi nyumbani. Kimfupa alimpa paka wa mlangoni, aliyekipokea akiwa amelala. Alitundika kitambaa, akachora mstari wa arobaini na mbili, na pembeni yake akaweka nukta ndogo: nyongeza. Kesho yake angepima dengu akiwa amefunga mkono wa kushoto kwa kamba ya aproni, na wateja wangeuliza ameumia nini. Lakini hiyo ni kesho. Siku ile alipakua maharage yaliyobaki, akavuta sahani ya pili kabatini, akaiweka ng'ambo ya meza. Akaitazama kidogo, akairudisha.

Maharage yalikuwa yamepoa. Akayala.