Pistole ya Rangi

Sisi wapaka rangi wa magari wa mtaa wa Buyenzi tulikuwa na neno letu, pistole. Mtu mwingine akilisikia anawaza bastola, anatafuta pa kujificha. Sisi tulimaanisha kile chombo cha kupulizia rangi, chenye kikombe juu na mrija wa hewa chini, na jina lake tulilirithi kwenye Kifaransa pamoja na ufundi wenyewe. "Pistole yangu eko wapi?" tulikuwa tukipiga kelele uani mchana kutwa, vita vikiendelea, mjini watu wakichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hilo. Hakuna aliyeshtuka. Mazoea ni kitu kibaya sana.

Basi pistole yangu ikafa, gari la mteja wa Rohero limesimama uani na mlango mmoja haujapakwa. Nikamwagiza Mkongomani mmoja wa Uvira aliyekuwa akivusha mpakani vyombo vya mitumba, anitafutie nyingine. Alikuwa mtu mwema, mwenye maneno mengi, na nilimpenda isipokuwa pale alipoanza kunifundisha kazi yangu.

Alikuja asubuhi moja, kitu kimefungwa kwenye kitenge, akakilaza juu ya meza yangu na kukifunua kwa madaha.

"Kaka, pistole yako ya rangi ni iyi. Inatoka Ulaya."

Kilikuwa cheusi, kina mtutu, kina mpini na mahali pa kuweka kidole. Kikombe hakuna.

"We mutu, iyi ni bunduki!"

"Apana! Soma apa." Ubavuni palibandikwa karatasi yenye picha ya tone la rangi na neno la Kifaransa, peinture. "Rangi inaingia ndani. Mi nilitaka kuona inaingilia wapi, lakini visi imekataa."

Nikaitazama hiyo visi. Ilikuwa skrubu ya tundu la pembe sita, imezama ndani ya chuma, na bwana huyu alikuwa ameizungusha kwa ufunguo wa milimita wakati yenyewe ilitaka wa inchi. Pembe zote zimelika, tundu limekuwa duara. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie avifunge vitu vyake avirudishe kwao, geti likapigwa teke.

Walikuwa askari wa doria wakisaka silaha nyumba kwa nyumba. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mtulivu. Aliyenitisha zaidi ni kijana wake, aliyekuwa ameshaweka kidole kwenye kifyatulio. Mkubwa akasogea mezani.

"Iyi ni nini?"

Na mdomo wangu, mdomo huu ninaolia chakula, ukajibu kama ulivyozoea miaka yote:

"Pistole, afande."

Nilisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Kijana akaniwekea mtutu shingoni. Yule wa Uvira akaanguka magoti akilia, "Ya rangi! Pistole ya rangi, afande, ya rangi!"

"Rangi iko wapi?"

"Iko ndani."

Mkubwa akakitikisa, akakirudisha mezani. "Ugurura," akasema kwa Kirundi, kisha akarudia ili tusijidai hatukusikia: "Fungula. Nikiona rangi, munabakia apa. Nisipoona, munapanda camion."

Lori lilikuwa likinguruma nje. Majirani zetu waliopandishwa lori namna hiyo sijamwona hata mmoja akirudi. Na mimi sikujua kama mle ndani kuna rangi. Sikuwahi kukiona kitu kile maishani. Roho yangu ilikuwa inaning'inia kwenye neno la mchuuzi asiyejua hata inchi ni nini.

Nikaanza na ujanja wa mafundi: nikakata kipande cha mpira wa tairi, nikakiweka kwenye tundu, nikakandamiza ufunguo juu yake. Ulizunguka bure. Nikatamani kukata mfereji kwa msumeno wa chuma nitumie bisibisi bapa, lakini kichwa kilikuwa kimezama, msumeno haufiki. Jasho lilinitiririka hadi kwenye macho na sikuthubutu kuinua mkono kujifuta. Ikabaki njia moja. Nikachukua ufunguo mnene kidogo kuliko tundu, nikaupiga tupa ncha yake hadi ukakaribia kuingia. Sasa ulihitaji nyundo.

Niligonga mara moja tu. Kijana akaruka, mtutu ukanigonga taya. Nikaelewa kwamba mlio mwingine wa ghafla ungetuua kabla ya lori.

"Afande, nagonga," nikasema.

"Gonga."

Nikagonga.

"Afande, nagonga tena."

"Gonga."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi, naomba ruhusa kwa kila pigo, huku yule wa Uvira akisema "Yesu" na mimi nikisema "Yarabi" kila nyundo iliposhuka. Ufunguo ukazama ukakaza. Nikaushika kwa mikono miwili nikausokota. Skrubu ikalia, ikakubali. Na kabla sijaitoa yote, kitu kikatoa pumzi: pssss.

Kijana akakoki bunduki. Nilifumba macho. Ulikuwa mlio wa hewa, mlio wa kazi yangu niliousikia kila siku, na nilikuwa na hakika ndio wa mwisho.

"Acha," mkubwa akamwambia kijana.

Nikatenganisha vipande viwili. Ndani kulikuwa na uchafu mkavu wa rangi ya waridi, umeganda kwenye kona kama makombo ya peremende. Mkubwa akaukwangua kwa ukucha, akautemea mate, ukayeyuka. Akanipaka kidole chake kifuani, upande wa moyo.

"Ni rangi," akasema, na wakaondoka nacho.

Yule wa Uvira alinikumbatia, nami nikamtukana matusi ambayo sikujua kuwa ninayo. Kisha nikaenda nyuma ya gari la mteja, nikatapika.

Baadaye sana, amani ilipokuja, niliona kwenye televisheni Wazungu wazima wakiviziana msituni na vitu kama kile, wakipigana risasi za rangi na kucheka. Kumbe ulikuwa mchezo. Nikazima.

Uani kwangu tangu asubuhi ile chombo cha kupulizia rangi tunakiita bomba, na hakuna aliyeniuliza sababu. Lakini juzi juzi nilimchukua fundi mgeni, mtu mzima mwenye uzoefu wake. Alikuwa ameinamia boneti, amenipa mgongo, akaninyooshea mkono bila kugeuka.

"Muzee, leta pistole."

Mkono ulipobaki mtupu akageuka. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja, jua linawaka, mikono yangu yote miwili iko juu.