Wenye Manyoya Kichwani

Juzi binti yangu alinitaka nichague mwongozaji mmoja wa filamu za zamani za Marekani, tuangalie filamu zake zote. Nikamchagua yule wa farasi na vumbi, maana filamu zake nilizijua tangu kibanda cha video cha Kawajense.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, kibanda kilinuka jasho na karanga. DJ alikuwa akitutafsiria kwenye maiki: "Hao wenye manyoya kichwani ni wezi wa ng'ombe." Nilidhani ndio waliomwibia baba ng'ombe wake, nikapiga makofi kila mmoja alipoanguka.

Sasa nimeiona filamu ile bila DJ. Hawakuiba hata ndama. Walikuwa wanafukuzwa kwenye ardhi yao, kama baba alivyofukuzwa kwenye malisho yake ya Ugalla, na mwongozaji akawapanga wafe ili tushangilie.

"Mama, nizime?" binti aliuliza.

"Usizime. Weka nyingine. Nataka nijue mwongozaji huyu ametudanganya mara ngapi."