Sungura Amelala

Jumatatu, kwenye dirisha la ofisi ya mifugo hapa Ifakara, mama mmoja aliweka kikapu mbele ya bwana mifugo. Ndani alijikunja sungura mweupe, aliyenunuliwa Katindiuka siku mbili kabla.

“Tangu afike nyumbani hajala,” mama alisema.

Bwana mifugo hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. “Mama, sungura ni kitoweo. Mchinje leo, kabla hajafa mwenyewe.”

Mama akakikumbatia kikapu. “Wanangu wameshampa jina, baba.”

Damu ilinichemka. Mtu amesomea mifugo, na hakuchungulia hata kikapuni! Mimi niliyekuwa nyuma kwenye foleni ndiye niliyeuliza kama sungura ameshikwashikwa.

“Majirani wote wamekuja kumwona. Kila mmoja amemnyanyua kwa masikio.”

“Ungewakataza.”

“Niwakatazeje, dada? Wangesema naringa.”

Ndivyo tulivyo. Mnyama anatetemeka kwa hofu, na sisi tunamkaribisha kwa kumning’iniza.

Nikamwambia amweke kwenye boksi lenye majani makavu, pembeni penye kimya, asishikwe siku tatu.

“Na majirani?”

“Waambie wanachoambiwa wakija kumwona mtoto mchanga: amelala.”

Akacheka, akafunika kikapu kwa kanga.

Hapo ndipo bwana mifugo alipoweka gazeti chini. “Hebu nimwone,” akasema, na mkono wake ulishafika kwenye kanga.

Mama akakivuta kikapu kifuani. “Amelala, baba,” akamjibu, akaondoka zake.